Miezi tisa Asia peke yangu, naanzia Mwanza: pasipoti yetu, afya, na kuzoea wenyeji

Nyakato_Juu aliuliza:

Wadau, mwangaluka.

Novemba naondoka Mwanza kwenda Asia, peke yangu, begi moja la mgongoni, miezi tisa. Mwanamke, miaka 28, pasipoti ya Tanzania yenye miaka saba mbele. Fedha ni dola 7,000 bila kuhesabu ndege ya kwenda na kurudi. Orodha yangu ni Malaysia, Singapore, Thailand, Laos, Vietnam, Cambodia, Indonesia, Ufilipino, Nepal, India na Sri Lanka.

Maelezo mengi yaliyopo mtandaoni yameandikwa na Wazungu. Wao wanaingia kila mahali kwa kuonyesha pasipoti tu, na miili yao haikukulia kando ya ziwa hili. Naomba msaada kwa mtu wa huku: wapi pasipoti yetu hukwama, fedha nizibebeje, afya niandae nini kabla ya kuondoka, na zaidi ya yote, mtu anazoeaje kuishi miezi mingi kwa watu ambao hata salamu yao haijui. Dua nazipokea kwa moyo wote, ila namba na hatua nazihitaji zaidi.

---

Mzee_wa_Mipaka alijibu:

Dada, tuanze na hesabu kwa kuwa ndiyo itakayokupangia mengine yote. Kwenye dola 7,000 tenga 1,000 ya dharura usiyoigusa: tiketi ya ghafla ya kurudi, au hospitali inayodai malipo kabla ya kukupokea. Zinabaki 6,000. Kwa siku 270 ni dola 22 kwa siku, na humo mna kitanda, chakula, mabasi, viza zote na ndege za kuvuka bahari. Vietnam utaishi ukijibana. Singapore, kitanda cha chumba cha pamoja peke yake kinaweza kuimeza yote. Miezi sita inakupa dola 33 kwa siku. Mimi ningechukua miezi sita na nchi sita au saba. Nepal, India, Sri Lanka na Ufilipino kila moja ina ndege yake, utaratibu wake na msimu wake. Ziwekee safari nyingine.

Kwa kuondoka Novemba, anzia Kuala Lumpur. Malaysia na Singapore hazituombi viza ya utalii, lakini kila moja inataka fomu ya kuingia ijazwe mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Ni bure. Ukiona ukurasa unaodai dola 40 kwa fomu hiyo, umeangukia kwa matapeli. Afisa akishakupitisha, soma siku ulizopewa kabla hujaondoka mbele ya dirisha lake.

Thailand viza tunaomba mtandaoni kabla ya kwenda. Ya utalii ya kuingia mara moja inakupa siku 60, na ukiwa ndani unaongeza 30 kwenye ofisi ya uhamiaji kwa baht 1,900. Watu wengi hawasomi kwamba viza yenyewe lazima itumike ndani ya miezi mitatu tangu itolewe, kwa hiyo ukiiwahi sana inakufa mkononi. Tangu tarehe 1 Mei 2025 kuna pia kadi ya kidijitali ya kuingia, nayo bure, ndani ya siku tatu. Ukipitiliza siku zako ni baht 500 kwa kila siku hadi kikomo cha 20,000.

Vietnam tangu Agosti 2023 inatoa viza ya mtandaoni kwa mataifa yote, hadi siku 90, dola 25 kuingia mara moja na dola 50 kuingia mara nyingi. Tovuti halisi inaishia na .gov.vn. Hapa majina matatu ya Kitanzania hutuponza: andika kama yalivyo kwenye mistari miwili ya alama chini ya ukurasa wa picha, jina la ukoo mahali pake, mengine yote mahali pake. Ukiacha jina la kati, mpakani wewe ni mtu mwingine. Na mlango wa kuingilia unaouchagua kwenye fomu ndio utakaopita. Ukiandika uwanja wa Hanoi kisha ukafika kwa basi kutoka Laos, unaweza kurudishwa.

Indonesia tunapata viza tukifika, siku 30 kwa rupia 500,000, huongezwa mara moja. Kupitiliza ni rupia 1,000,000 kwa siku, kwa hiyo weka kengele ya simu wiki mbili kabla. Laos na Cambodia fungua tovuti za serikali zao kabla ya kukata basi, kwa sababu si kila kituo cha mpakani kinapokea viza ya mtandaoni.

Sasa jambo linalowakwamisha wengi kuliko viza. Anayeweza kukuzuia kwanza ni mtu wa kaunta ya ndege Dar es Salaam, hata kabla hujaona mpaka wa mtu. Ndege ikimbeba abiria anayekataliwa, shirika hulipishwa faini na kumrudisha, kwa hiyo watakuuliza tiketi ya kutoka Malaysia. Nunua ya kweli, ya bei ya chini, kwa mfano Kuala Lumpur kwenda Bangkok, na uichapishe. Weka pamoja nafasi ya hosteli ya usiku mitatu ya mwanzo, taarifa ya benki ya miezi mitatu yenye muhuri, na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Zote kwenye bahasha moja mkononi. Tiketi za kughushi zinazouzwa mtandaoni usiziguse, namba yake huhakikiwa hapohapo.

Kama Mwanza–Dar umeikata kwa tiketi tofauti na ile ya kimataifa, lala Dar usiku mmoja. Ndege ya asubuhi kutoka Mwanza ikichelewa, ile kubwa haikungoji na hulipwi kitu.

Fedha: kadi mbili za benki mbili tofauti, moja kwenye begi, moja mwilini. Nenda tawini ukafunguliwe matumizi ya nje ya nchi, kisha jaribu malipo madogo mtandaoni ukiwa bado Mwanza. Benki itatuma namba ya uthibitisho kwa ujumbe wa simu, hivyo laini yako ya Tanzania lazima iwe hai na iwe imefunguliwa kupokea ujumbe ukiwa nje. Ukiipoteza huko, kuirudisha kunataka alama za vidole, na vidole vyako viko Hanoi. Kwa hiyo laini hiyo ikae kwenye simu ya pili ndogo, isitembezwe sokoni.

Shilingi yetu huko haibadilishwi. Beba dola 400 hivi taslimu, noti safi, zisizoandikwa wala kuchanika. Cambodia watakukatalia noti kwa mchaniko wa milimita chache. Mashine za ATM za Thailand hukata baht 220 au zaidi kila utoapo kwa kadi ya nje, basi toa kiasi kikubwa mara chache. Mashine ikikuuliza kama ikukate kwa fedha ya nchi yako, kataa. Chagua fedha ya pale, maana kiwango cha mashine huwa kibaya. Na Vietnam angalia noti ya dong 20,000 na ya 500,000: zote za bluu, na usiku kwenye teksi zinafanana sana. Zitenge mifuko tofauti.

---

Zahanati_ya_Kirumba alijibu:

Nitaongelea mwili tu.

Homa ya manjano: chanja angalau siku 10 kabla ya safari, kwa sababu cheti huanza kufanya kazi siku ya kumi. Tangu Julai 2016 ni cha maisha yote, usikubali kuambiwa kimeisha. Thailand inaiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi zinazotakiwa kukionyesha, na hata nchi isiyotuweka inaweza kukidai ukiwa umesubiri ndege zaidi ya saa 12 Nairobi au Addis Ababa.

Kichocho: aliyeoga, kufua au kuvua kwenye ziwa hili apime choo na mkojo kabla ya kuondoka. Hospitali za Mwanza zinakifahamu vizuri. Za Asia ukifika na tumbo lisiloeleweka zitatafuta minyoo ya kwao kwanza. Tiba ni praziquantel, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito: mwenye kilo 60 ni miligramu 2,400, yaani vidonge vinne vya 600, kwa usimamizi wa zahanati. Ukiugua huko, sentensi ya kwanza kwa daktari iwe, "Nimetoka mwambao wa Ziwa Victoria."

Selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu: Kanda ya Ziwa ina wabebaji wengi ambao hawajijui, kwa kuwa kubeba kinasaba kimoja si ugonjwa. Lakini kwenye milima mirefu mbebaji anaweza kupata maumivu makali ubavuni kushoto, chini ya mbavu, kwa bandama kukosa damu. Pima kabla hujajiandikisha kupanda Rinjani kule Lombok, mita 3,726, na hasa kama Nepal utairudisha siku moja. Kuishi Mwanza kwenye mita 1,100 na kitu hakukuandai kwa kimo hicho. Juu ya mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku, na pumzika siku nzima kila baada ya siku tatu au nne.

Sasa homa. Huku kwetu homa inaitwa malaria mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kule mijini iwazie dengi kwanza. Mbu wake huuma mchana, hivyo chandarua cha usiku hakitoshi. Paka dawa ya mbu asubuhi na alasiri, vifundoni hasa. Ukipata homa na maumivu nyuma ya macho, tumia paracetamol pekee. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki ziache, zinaongeza hatari ya kutoka damu. Hatari ya dengi mara nyingi huja homa inaposhuka, kati ya siku ya tatu na ya saba: tumbo kuuma sana, kutapika mfululizo, fizi kutoka damu. Hapo ni hospitali, si kulala hosteli ukifurahi kwamba joto limepungua.

Mbwa au nyani akikung'ata au kukukwaruza, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha chanjo siku hiyohiyo. Bali ina kichaa cha mbwa tangu 2008. Ukichanjwa kabla ya safari, ukiumwa unahitaji sindano mbili tu na huhitaji ile dawa ya kinga ya kupiga kwenye jeraha, ambayo visiwani hupatikana kwa shida.

Kuharisha: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Samaki mbichi wa mtoni Laos na kaskazini-mashariki mwa Thailand usile, hata akichanganywa na ndimu na pilipili nyingi. Ana mnyoo wa ini unaohusishwa na saratani ya mirija ya nyongo, na ndimu haimuui. Mtu wa Mwanza hushawishika kwa sababu samaki ni chakula chake. Mle aliyechomwa.

Dawa zibaki kwenye pakiti zake na barua ya daktari. Tramadoli na dawa za kikohozi zenye kodeini ziache nyumbani.

La mwisho hulisahau kila mtu: kinga ya malaria tuliyoijenga tangu utoto hupungua ukikaa mbali. Ukirudi Mwanza, chandarua usiku wa kwanza, na homa yoyote ipimwe siku hiyo.

---

Nyakato_Juu:

Asanteni sana. Selimundu sikuwahi kuifikiria kabisa, Jumatatu naenda kupima. Swali dogo: begi la mitumba la sokoni Mlango Mmoja linafaa au ninunue jipya?

---

Fundi_Zipu alijibu:

La mitumba linafaa, ukilikagua. Kwanza ingiza mkono ndani usugue kitambaa: kama kinanata au kinatoa ungaunga na harufu ya matapishi, utando wa kuzuia maji umeoza, liache. Vuta kila zipu mara tano ukiwa umejaza begi. Tazama mishono pale mikanda ya mabega inapoungana na mgongo. Mkanda wa kiuno ukae juu ya mifupa ya nyonga, si tumboni, kwa sababu uzito mwingi unabebwa hapo na mabega yanasaidia tu.

Lita 40 zinatosha. Ndege nyingi za bei nafuu Asia zinaruhusu kilo 7 mkononi, na hupima kweli. Plagi zetu za pini tatu zinaingia Malaysia na Singapore moja kwa moja. Thailand, Vietnam na Cambodia utahitaji ya pini mbili. Betri ya kuchajia simu iwe mkononi, kamwe si kwenye mzigo unaoingia chini, na isizidi wati-saa 100, ambazo ni kama mAh 27,000.

Na nyuzi za kusukia beba. Nje ya miji mikubwa msusi wa nywele zetu hayupo, basi ujue kujisuka mabutu au twende kilioni.

---

Kaa_Kitako alijibu:

Nimeliacha swali lako la mwisho likomae kidogo, maana ndilo gumu.

Kuzoea kunatokea ukiwa umekaa. Ukilala kila mahali usiku mmoja au miwili, kila siku unaamua upya: ule wapi, basi lipi, nani ananidanganya bei. Akili inachoka, halafu mtu anasema, "Watu wa nchi hii wabaya." Mara nyingi hujitokeza mwezi wa pili wa safari, ugeni ukishakwisha utamu. Panga usiku mitano kwa kila kituo, na kila mwezi siku 10 hadi 14 mahali pamoja. Kula kwa mama lishe yuleyule kila asubuhi. Siku ya nne atakuwa anajua chai yako, na hapo una mtu mmoja anayekujua katika mji mzima. Hiyo ndiyo dawa ya upweke iliyo nafuu kuliko zote.

Heshima ya umri utaikuta na itakusaidia. Thailand wanasalimia kwa kuunganisha viganja kifuani. Ni kama shikamoo: mdogo anaanza, mkubwa anaitikia. Usimwanzie mtoto. Vietnam watakuuliza umri dakika ya kwanza, usiudhike, kwa sababu neno la "wewe" kwao linategemea kama wewe ni dada mkubwa, mdogo au shangazi. Indonesia, mwite mama wa makamo *Ibu* na mwanamume *Bapak*, kama tunavyosema mama na mzee. Ukisahau maneno yote, usisahau hayo.

Kuhusu lugha, anza na Kiindonesia au Kimalei, utashangaa ulivyo nusu mwenyeji. *Apa kabar* ni habari. *Sabun* ni sabuni, *kertas* karatasi, *waktu* wakati, *musim* msimu, *rezeki* riziki, *dunia* ni dunia hiyohiyo. Sisi na wao tuliyapata kwa Waarabu. Thailand saa za jioni wanahesabu kama sisi: *song thum*, ambapo *song* ni mbili, nayo ni saa mbili usiku. Hesabu hiyo inafuatana na yetu kuanzia saa moja hadi saa tano usiku. Mchana ni utaratibu mwingine, usichanganye. Kwa tiketi soma namba za saa 24.

"Hapana" utaisikia mara chache. Mtu anaogopa kukuaibisha au kuaibika, basi atasema ndiyo akimaanisha "nimekusikia". Kwa hiyo usiulize, "Basi linaondoka saa nane?" Uliza, "Basi linaondoka saa ngapi?" Muulize na mtu wa pili. Ukipandisha sauti, umeshindwa: mwenzako hujifunga na tatizo linabaki kwako. Sema polepole, tabasamu, rudia.

Viatu vuliwa mlangoni, nyumbani na hekaluni. Nyayo zisielekezwe kwa mtu wala kwa sanamu ya Buddha, na kichwa cha mtu usikiguse hata cha mtoto. Mwanamke hamgusi mtawa wa kiume wa Kibuddha wala hampi kitu mkononi. Weka kwenye kitambaa chake au mezani. Indonesia na Malaysia mkono wa kulia kwa kula na kupokea, kama nyumbani, na kuonyesha mahali ni kwa dole gumba. Kama wewe ni Mwislamu, kumbuka kibla: Mwanza unaelekea kaskazini ukiegemea mashariki kidogo, kule ni magharibi ukiegemea kaskazini. Siku za mwanzo mwili huelekea kulekule ulikozoea.

Utashangawa. Vijijini watakupiga picha, watagusa nywele, watataja rangi yako mbele yako. Mara nyingi ni ugeni. Amua mapema mpaka wako: picha ukiombwa, sawa, nywele bila ruhusa, rudi hatua moja nyuma, tikisa kichwa, tabasamu. Uamuzi uliofanywa chumbani hauchoshi kama ule wa kufanywa barabarani mara kumi kwa siku.

Ugali utaukosa. Nenda Laos au kaskazini mwa Thailand ukaombe wali wa kunata, *khao niao*. Unakatwa kwa vidole, unafinyangwa tonge, unachovywa kwenye mchuzi. Mkono utajua cha kufanya. Malaysia dagaa wa baharini wanaitwa *ikan bilis*, hukaangwa wakauke, wakawekwa na karanga juu ya wali wa nazi. Atakayekuuzia hajui kwamba kwako hicho ni chakula cha Kirumba.

---

Mama_wa_Igoma alijibu:

Mwanangu, mawili tu. Usibebe mzigo wa mtu, hata bahasha, hata wa Mtanzania mwenzio anayelia. Singapore, Malaysia na Indonesia adhabu ya dawa za kulevya inafika kunyongwa au kupigwa risasi, na Hong Kong wapo Watanzania waliofungwa kwa mizigo ya namna hiyo. La pili, ukipewa kazi ya "huduma kwa wateja" Thailand yenye mshahara mnono na tiketi ya bure, kataa. Vijana wengi wa Afrika Mashariki wamepitishwa Mae Sot wakavushwa mto hadi Myanmar, wakalazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Mpe ndugu mmoja nakala ya pasipoti na ratiba, mkubaliane siku mbili za wiki za kupiga simu, na afanye nini ukikosa zote mbili.

Pikipiki ukikodi, bima hailipi kama leseni haina daraja la pikipiki. Thailand, Malaysia na Indonesia wanaendesha kushoto kama sisi. Vietnam, Laos na Cambodia ni kulia. Panda kwa upande wa kushoto, bomba la moshi liko kulia.

---

Nyakato_Juu:

Shikamoo mama, nimekusikia. Nimepunguza: miezi sita, Malaysia, Thailand, Laos, Vietnam, Cambodia, na Indonesia mwisho. Ndege ya Kuala Lumpur naangalia tarehe 10 Novemba, Malaysia siku 12. Mzee wa Mipaka, viza ya Thailand niombe lini, na Vietnam?

---

Mzee_wa_Mipaka:

Thailand omba wiki ya kwanza ya Oktoba. Hata ikitolewa siku hiyohiyo inaishi hadi mwanzoni mwa Januari, na wewe unaingia tarehe 22 Novemba. Ukiombwa karatasi ya nyongeza, bado una muda. Kwa kuwa tiketi ya Bangkok unaikata kabla, ipangie tarehe hiyo hiyo.

Ukikaa Thailand siku 60 zote unatoka tarehe 20 Januari. Laos wiki tatu, hapo ni Februari. Vietnam omba ukiwa Laos, wiki mbili kabla ya kuvuka, ukiwa umeshajua ni kituo gani cha mpaka. Lakini tazama kwanza kalenda ya Tet, mwaka mpya wao, ambao huangukia kati ya mwisho wa Januari na tarehe 20 hivi ya Februari. Wiki hiyo ofisi zinafungwa, viza hazishughulikiwi, na mabasi na treni hujaa watu wanaorudi makwao. Maombi yako yakiwa bado hayajajibiwa wakati huo, bakia Luang Prabang, hukohuko Laos, mpaka ipite, halafu uvuke.